Bati la Mbili

Mimi ndiye mtu wa ubao.
Refa ana filimbi, wachezaji wana viatu vyenye meno,
mimi nina ngazi ya vidato vitano, cha tatu kimelegea,
na gunia la namba
alizozikata fundi Musonda kutoka mapipa ya mafuta
mwaka ule Siafu ya Katuba ilipopanda daraja,
tukachinja mbuzi, na hata watu wa mtaa wa Kenya
wakavuka kuja kulamba vidole.

Sifuri mpaka tisa upande wetu.
Sifuri mpaka tisa upande wa wageni.
Musonda alikata kwa haki.

Mechi ya kwanza tulifungwa moja: watu wakasema, mvua.
Ya pili, mbili: wakasema, refa.
Ya tatu wakamtaja mchawi, kwa jina na kwa barabara anayokaa.
Ya nne hawakusema kitu,
wakapangusa matako vumbi wakaenda zao,
na hapo ndipo mimi nilipoogopa.

Sifuri yetu ilining'inia mpaka ikaota kutu,
ikalia machozi mekundu juu ya ubao.
Tatu ya wageni imenipa sugu kidoleni.

Tunaitwa timu ya kulipwa.
Januari walilipwa nusu.
Februari walilipwa unga, kila mtu na ndoo yake,
wakala bukari, wakafungwa wameshiba.
Rais wetu Lwamba, yule wa simenti, akaacha kuja, akawa anatuma dereva.
Kisha dereva naye akaacha kuja.

Lakini msimseme Kabwit.
Kipa wetu huuza makala asubuhi, na glavu zake
zilipasuka kabla ya Pasaka.
Mimi niko juu ya ngazi, naona.
Kila mpira uliotolewa wavuni
ulikuwa na alama nyeusi za vidole.
Kila mmoja. Aliigusa yote.

Mwezi wa tano paka wa jirani alitoboa banda la kuku.
Mke wangu Mujinga akafungua gunia,
akatoa mbili yetu, rangi yake bado inang'aa,
akaigongomea misumari minne kwenye tundu.
Nikafoka. Akaniuliza:
«Ile mbili ilikuwa inangojea nani?»
Nikatafuta jibu. Nikaenda kuoga.

Mechi ya mwisho, Juni, baridi ya kukata masikio,
vumbi jekundu limetanda hadi kwenye mlima mweusi wa taka za shaba.
Tulikwishashuka daraja wiki tatu nyuma.
Watoto uwanjani, muuza karanga, na wake wawili wa wachezaji
waliokuja kuhakikisha waume zao wako kweli mpirani.

Chansa akafunga kwa goti. Goti!
Nikapandisha moja yetu, mikono inatetemeka.
Sijashuka hata kidato cha tatu, Chansa tena, kwa kichwa.

Nikaingiza mkono guniani.
Tatu. Nne. Saba isiyojua kazi.
Mbili yetu iko Katuba, inalinda majogoo.
Mbili ya wageni nayo ilikatika mkia tangu Machi.
Basi nikachukua moja ya wageni
nikaining'iniza kando ya moja yetu.

Kumi na moja.

Kwanza wakacheka watoto. Kisha muuza karanga.
Kisha Kabwit akageuka, akasoma,
akainama kashika magoti, mabega yakimruka,
mimi nikadhani analia.

Wageni walirudisha zote, wakaongeza.
Refa aliandika mbili kwa tatu kwenye kijitabu chake, na ni kweli.
Lakini ubao unatazama barabara,
na wabeba makala wakipita na baiskeli zao
walisoma Siafu kumi na moja, wageni tatu,
wakapiga kengele mpaka kona ya kinu.
Sikuzishusha.
Ngazi nimeibeba, namba nimeziacha huko usiku kucha.

Nyumbani Mujinga alikuwa anapuliza moto.
«Leo mulifunga ngapi?»
Nikaegemeza ngazi ukutani.
Nikamwambia: waulize kuku.